Kabla Hujafungua Duka Mtandaoni

Karibu wewe uliyekwisha kufunga duka na sasa unahesabu mauzo ya leo. Karibu mama uliyeko kwenye cherehani. Karibu na wewe kijana uliyeegesha pikipiki ukisubiri abiria, maana haya ya leo yanakuhusu pia, na utaona kwa nini.

Leo tunazungumza biashara ya mtandaoni. Lakini nataka tuizungumze kwa kurudi nyuma kidogo, hadi miaka ile biashara hiyo ilipokuwa changa kabisa, wakati mwenye kibanda au duka dogo alipokaa akajiuliza: hii intaneti ninayoisikia, ina nafasi yangu ndani yake, au ni mambo ya wakubwa?

Utaniuliza, turudi nyuma ya nini, wakati leo kila mtu ana simu mkononi? Nakujibu. Simu ya leo inaficha mengi. Unabonyeza mara mbili tatu, ujumbe unaingia, pesa imefika. Miaka ile hakuna kilichofichika. Kila hatua ya biashara ilibidi uifanye mwenyewe na kila hatua ilikuwa na bei yake, kwa hiyo ukiitazama miaka ile unaiona biashara ya mtandaoni ikiwa wazi, kiungo kwa kiungo.

Na nikwambie mapema ninachoamini, ili tukienda pamoja ujue ninakokupeleka. Mfanyabiashara mdogo anapoipima biashara ya mtandaoni, kuna mambo matatu ya kuweka kwenye mizani kabla ya yote. Malipo yatapitia wapi? Mzigo utafikaje? Na mteja ambaye hajawahi kukuona, atakuaminije? Malipo, mzigo, uaminifu. Duka lenyewe la mtandaoni, zile picha na rangi na maandishi ya kuvutia, hilo linakuja mwisho. Nitalirudia hili jioni hii, na naomba uniwie radhi nikilirudia sana, kwa sababu nimeona watu wakimaliza mtaji wao kwa kulianzia jambo hili mwishoni.

Haya, tuanze safari.

Je, unajua kwamba kulikuwa na wakati biashara ilikatazwa kwenye intaneti? Ndiyo, ilikatazwa. Njia kuu ya intaneti kule Marekani iligharamiwa na serikali yao kupitia Taasisi ya Taifa ya Sayansi, kwa ajili ya watafiti na vyuo vikuu, na kanuni zake hazikuruhusu mtu aitumie kuuza na kununua. Kanuni hizo zililegezwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, na mwaka 1995 njia hiyo ya serikali ikazimwa, kazi ikabaki kwa kampuni binafsi. Huku nyuma, mwaka 1993, kituo cha utafiti cha CERN kule Uswisi, alikofanya kazi Tim Berners-Lee, mtu aliyebuni mfumo huu wa kurasa na tovuti, kilitangaza kwamba yeyote duniani anaweza kuutumia bila kulipa ada. Ukiyaweka mambo hayo mawili pamoja unaelewa kwa nini wafanyabiashara walimiminika wakati ule ule.

Tarehe 11 Agosti 1994, kampuni changa iitwayo NetMarket, katika jimbo la New Hampshire, iliuza CD moja ya mwanamuziki Sting kwa mteja aliyekuwa Philadelphia. Bei yake dola 12 na senti 48, bila kuhesabu gharama za kuituma. Gazeti la New York Times likaandika habari yake. Wapo wanaobisha kama kweli hiyo ndiyo iliyotangulia zote, na ubishi huo tuwaachie wenyewe. Mimi ninachotaka ukione ni hiki: kwa nini gazeti kubwa liandike habari za CD moja? Maduka yalikuwa yamejaa CD. Jipya lilikuwa namna ya kulipa. Mteja alituma namba ya kadi yake ya benki ikiwa imefumbwa, hata mtu akiidaka njiani asiweze kuisoma. Unaona basi, msikilizaji? Tangu siku za mwanzo kabisa, swali halikuwa duka. Swali lilikuwa malipo.

Mwaka uliofuata, Julai 1995, Jeff Bezos alifungua Amazon, kazi aliyoianzia kwenye gereji ya nyumba karibu na mji wa Seattle. Alianza na vitabu. Kwa nini vitabu? Hapa nataka tukae kidogo, maana hapa kuna somo kwa mtu wa kibandani.

Kitabu hakiozi. Kikidondoka hakivunjiki. Huna haja ya kukijaribu mwilini kama kiatu. Nakala utakayoipokea leo ni sawa na nakala ya jirani yako, kwa hiyo mteja anajua hasa anachonunua hata kama hajakishika. Vitabu ni vingi mno, hakuna duka lenye rafu za kuvitosha vyote. Tena kulikuwa na wauzaji wa jumla wenye maghala makubwa, kwa hiyo Amazon ilingoja oda iingie, ndipo ikaagiza kitabu. Mteja alilipa kwanza kwa kadi, msambazaji akalipwa baadaye. Wewe wa Kariakoo unalielewa hilo vizuri: walikuwa wanachukua mali kauli, huku mnunuzi amekwisha kulipa.

Sasa nikuulize wewe. Bidhaa yako iko namna gani? Unauza maembe, ambayo kesho yatakuwa yameiva kupita kiasi? Unauza magauni, ambayo kila mteja ana kipimo chake? Au unauza kitu ambacho mtu wa Mbeya anaweza kukitaja kwa jina, akajua kabisa kitakachomfikia? Kabla ya kufikiria tovuti, kabla ya kufikiria ukurasa wa Instagram, kitazame hicho unachokiuza. Itazame bidhaa yenyewe.

Tuje sasa kwetu. Nataka tuchukue mfano, na nasema mfano kwa sababu simsemi mtu fulani. Tumchukue mwenye kibanda cha picha za Tingatinga pale Oysterbay, Dar es Salaam, mwishoni mwa miaka ya 1990.

Unazifahamu picha hizo. Chui, tembo, ndege wenye mikia mirefu, rangi zinazong'aa. Aliyezianzisha, Edward Saidi Tingatinga, alikuwa mtu wa Tunduru. Mwishoni mwa miaka ya 1960 alichora kwa rangi za baiskeli juu ya vipande vya mraba vya hadibodi, na picha zake zikauzwa nje ya duka la Morogoro Stores. Alifariki mwaka 1972. Wanafunzi wake na jamaa zake wakaendelea na kazi, na ilipofika mwaka 1990 walikuwa wameunda ushirika wao.

Namchukua mtu huyu kwa sababu wateja wake wengi walikuwa wageni. Mgeni ananunua picha moja, anarudi kwao, anaitundika sebuleni. Jirani yake anaiona, anaitaka kama ile. Lakini muuzaji yuko Dar es Salaam, na mteja yuko upande mwingine wa dunia. Kabla ya intaneti biashara hiyo ilikuwa ikifia pale pale uwanja wa ndege, mgeni alipopanda ndege. Kisha siku moja mgeni anamwuliza mwenye kibanda: una anwani ya barua pepe?

Swali dogo hilo. Lakini mwenye kibanda analala nalo.

Fikiria hali ya wakati ule. Kupata laini ya simu ya mezani kulikuwa na foleni yake. Kompyuta ilikuwa bei kubwa. Ukishavipata vyote viwili, unalipa ada ya mwezi kwa kampuni ya intaneti, na juu yake unalipa dakika za simu unazotumia ukiwa umeunganishwa. Tena mawasiliano mengi ya kwenda nje yalipita kwenye setilaiti, iliyo juu yetu umbali wa kilomita 36,000 hivi, na muda wa setilaiti ulikuwa ghali. Modemu yenyewe ilikuwa ya mwendo wa kobe. Picha moja tu ya kilobaiti 100, ambayo simu yako leo inaifungua kabla hujapepesa macho, kwa modemu nyingi za siku zile ilichukua karibu nusu dakika, kama laini ilikuwa safi. Ukurasa wenye picha 20 za chui na tembo? Weka maji ya chai jikoni, urudi.

Ndiyo maana wengi hawakuwa na kompyuta zao. Walikwenda intaneti kafe, wakalipia muda, wakafungua barua zao, wakajibu, wakaondoka. Na nasema, msikilizaji, hawa waliokwenda intaneti kafe na karatasi mkononi, majibu yameandikwa tayari ili wasipoteze dakika, walikuwa wafanyabiashara makini sana. Walijua kila dakika ina bei.

Sasa akatokea mtu wa pili: kijana anayetengeneza tovuti. Anamwambia mwenye kibanda, nilipe dola kadhaa nikutengenezee tovuti, na kila mwaka utalipa kidogo ya kuihifadhi, na dunia nzima itakuona. Je, alidanganya? Hapana. Dunia nzima iliweza kumwona. Lakini kuweza kuonekana na kuonekana ni mambo mawili. Tovuti ambayo hakuna anayeijua ni kibao cha duka kilichosimikwa katikati ya pori. Maandishi yanasomeka vizuri kabisa, ila njia haipiti hapo.

Kwa maoni yangu, na hapa nina msimamo, mwenye kibanda yule alikuwa na mali kubwa zaidi ya tovuti na pengine hakuijua. Alikuwa na wateja waliokwisha kununua kwake. Wale waliokaa kwenye kigoda chake, wakapatana bei, wakacheka naye, wakaondoka na picha kwapani. Kama aliandika majina yao na anwani zao za barua pepe kwenye daftari, alikuwa na biashara ya mtandaoni tayari, hata kama hakuwa na ukurasa mmoja wa tovuti. Kama hakuandika, hata tovuti nzuri namna gani isingemrudishia. Wahenga wetu walisema, mali bila daftari hupotea bila habari, na sidhani kama kuna mahali neno hilo linafaa kuliko hapa.

Tuendelee naye. Amepeleka barua pepe. Mteja kule Denmark amejibu: nataka picha moja, ile ya ndege watatu. Wamekubaliana dola 60. Atalipaje?

Kwa kadi? Ili upokee kadi, ni lazima benki ikukubali kuwa mpokeaji wa kadi, na siku hizo waliokubaliwa kwa urahisi walikuwa hoteli, mashirika ya ndege, kampuni za watalii. Mwenye kibanda hakuwamo. Tena kadi ina jambo ambalo wengi hawalijui: mwenye kadi anaweza kuyapinga malipo kwa benki yake baadaye, akasema mzigo sikuupata, na benki ikazichukua fedha kutoka kwa muuzaji. Kwa hundi basi? Hundi ya nje inatumwa kwa posta, unaipeleka benki, benki inairudisha ilikotoka ili ilipwe, na wewe unangoja kwa wiki nyingi. Kwa TT, yaani kuhamisha kutoka benki hadi benki? Hiyo inafika. Lakini anayetuma anakatwa, na anayepokea anakatwa.

Na hapa ndipo penye kiini cha hesabu yote. Makato ya kuhamisha dola 60 hayakutofautiana sana na makato ya kuhamisha dola 600. Kwenye picha moja, makato yanakula faida. Kwenye picha kumi, hata huyasikii. Umeliona jambo hilo linavyougeuza mpango mzima? Mwenye kibanda aliingia mtandaoni akifikiria wateja mia moja, kila mmoja picha yake moja. Hesabu ya malipo inamwambia kinyume: tafuta mteja mmoja mwenye duka kule, anayechukua picha kumi au ishirini kwa mkupuo. Intaneti ya miaka ile, kwa mtu wa kwetu, ilifaa zaidi kumtunza mnunuzi mmoja wa jumla kuliko kuwakimbiza mia wa rejareja. Anayejua hilo anaacha kulia kwamba tovuti haina wageni. Anaandika barua pepe moja nzuri kwa mtu mmoja anayefaa.

Malipo yamepatikana. Sasa mzigo. Hadibodi ni nzito, na kona zake zikigongwa zinavunjika. Ndiyo maana picha za kitambaa zilipendwa: unaikunja picha kama mkeka, unaitia kwenye bomba la karatasi ngumu, inaingia kwenye begi la mgeni au inakwenda posta. Bidhaa yenyewe ilikubali kubadilika ili isafiri. Jiulize na wewe: bidhaa yako ikibidi isafiri siku mbili ndani ya buti la basi, chini ya magunia ya watu wengine, itafika ikiwaje? Kuna kitu unaweza kubadilisha? Chupa ya kioo iwe ya plastiki? Kinyago kiwe kidogo zaidi?

Tena kuna forodha upande wa pili. Mteja anadhani amemaliza kulipa, kumbe kwao anadaiwa ushuru. Usipomwambia mapema atakulaumu wewe, hata kama fedha hizo hazikuingia mfukoni mwako.

Na kuna uaminifu. Mteja anasema: tuma picha kwanza, nitalipa ikifika. Muuzaji anasema: lipa kwanza, nitatuma fedha zikifika. Nani aanze? Kila mmoja ana haki ya kuogopa. Na hakuna programu ya kompyuta iliyoweza kuwasuluhisha, isipokuwa jambo moja: wamewahi kuonana. Wamepatana bei uso kwa uso siku moja. Kwa hiyo ukiniuliza nani alipaswa kuwa mteja wa kwanza wa mtandaoni wa kibanda kile, nakujibu: mteja wake wa zamani.

Msikilizaji, umebaki nami? Tumesema malipo, tumesema mzigo, tumesema uaminifu. Hili la uaminifu kuna mtu aliyelishughulikia kwa namna iliyoibadilisha dunia, na inafaa tumtaje.

Septemba 1995, kule California, Pierre Omidyar alianzisha soko la mnada mtandaoni ambalo baadaye liliitwa eBay. Kitu cha kwanza kuuzwa kilikuwa kurunzi ya leza, ile ya kuonyeshea ukutani, tena mbovu. Ilinunuliwa kwa dola 14 na senti 83. Omidyar alimwandikia mnunuzi kumwuliza kama anaelewa kwamba ni mbovu, naye akajibu kwamba yeye anakusanya kurunzi za leza mbovu. Kila kitu kina mtu wake. Lakini la maana zaidi lilikuja Februari 1996, alipoweka utaratibu wa kila mnunuzi na kila muuzaji kuandika maoni kuhusu mwenzake, yakasomwa na wote. Watu wasiojuana walianza kuaminiana kwa sababu ya rekodi. Na kumbuka, wakati ule wengi wao walilipana kwa hundi na hawala za posta zilizotiwa kwenye bahasha! Teknolojia ya malipo ilikuwa bado nyuma, lakini uaminifu ulipopatiwa mahali pa kuandikwa, biashara ikaenda.

Na wakubwa je, wenye mitaji? Nitapita haraka. Boo.com ya London ilifunguliwa Novemba 1999 kuuza nguo za mitindo, ikaanguka Mei 2000 baada ya kutumia zaidi ya dola milioni 100. Kurasa zake zilikuwa nzito, zimejaa madoido, wakati wateja wengi walikuwa bado kwenye modemu za simu. Pets.com ya Marekani iliuza vyakula vya mbwa na paka, magunia mazito yenye faida ndogo, na gharama ya kuyasafirisha ikaimaliza. Ilifungwa Novemba 2000. Moja ilianza na madoido ya duka, nyingine haikupima mzigo. Ninawahurumia waliopoteza ajira pale. Lakini pia nataka mtu wa kibandani aelewe kwamba fedha nyingi hazikuwaponya wakubwa hao na kosa ambalo yeye anaweza kuliepuka kwa kalamu na daftari.

Basi, tugeukie siku zetu. Nini kimebadilika?

Malipo yamebadilika, tena kwa njia ambayo wale wa 1994 hawakuifikiria. Machi 2007 huduma ya fedha kwa simu ya M-Pesa ilizinduliwa Kenya, na mwaka 2008 ikaingia Tanzania, mitandao mingine nayo ikafuata na huduma zake. Mtu asiye na akaunti ya benki, asiye na kadi, akaweza kulipa akiwa Sumbawanga na muuzaji akapata fedha akiwa Manzese. Kisha Julai 2009 mkongo wa mawasiliano wa baharini wa SEACOM ukaanza kazi katika pwani yetu, na mingine ikafuata, tukapunguza utegemezi wa setilaiti. Kile kilichokuwa kikwazo cha kwanza kwa mwenye kibanda wa Oysterbay kimelegea kwa kiasi kikubwa. Leo una namba yako ya malipo ukutani. Mteja anakutumia, unasikia mlio, unafunga mzigo.

Sheria nayo imefika. Tanzania ilipitisha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki mwaka 2015, ikatambua kwamba makubaliano yaliyofanyika kwa njia ya kielektroniki ni makubaliano. Kwa hiyo zile meseji zako na mteja usizifute ovyo. Zitunze.

Mzigo je? Mzigo umebadilika kidogo tu. Tunasafirisha mikoani kwa mabasi, unapeleka kwenye ofisi ya vifurushi, unaandika jina na namba ya simu, mteja anakwenda stendi kuchukua. Mjini tunatumia bodaboda. Na hapa ndipo ninakukumbuka kijana wangu wa pikipiki, maana wewe ndiye mguu wa biashara hii.

Tufanye hesabu moja ndogo, ya mfano. Dada anauza viatu kwenye simu, faida yake kwa jozi ni shilingi 8,000. Anatangaza kwamba ndani ya Dar es Salaam mteja analipia akipokea, na usafiri ni juu ya muuzaji. Bodaboda kutoka Kariakoo hadi Mbezi ni, tuseme, shilingi 6,000. Mteja akipokea, dada amebaki na 2,000. Mteja akikivaa akasema kinabana, kiatu kinarudi, na bodaboda analipwa kwenda na kurudi. Oda moja iliyokataliwa inameza faida ya oda sita zilizokubaliwa. Sita! Mauzo yanapanda, simu inaita kutwa nzima, na mwisho wa mwezi dada hajui fedha zimekwenda wapi. Zimekwenda barabarani.

Afanye nini? Anaweza kuomba mteja alipie usafiri mapema, iwe ishara kwamba ananunua kweli. Anaweza kupanga siku za kupeleka: Mbezi Jumanne, Mbagala Alhamisi, mizigo mitano kwa safari moja. Anaweza kumwambia mteja aweke mguu juu ya karatasi, auzungushie kalamu, apime urefu kwa rula. Mambo madogo haya. Lakini ndiyo biashara yenyewe.

Na uaminifu? Huo, msikilizaji, sasa ndio ulio ghali kuliko vyote. Kwa sababu kulipa kumekuwa rahisi, kutapeli nako kumekuwa rahisi. Kuna kurasa zinazoiba picha za bidhaa za wengine, zinaweka bei ya chini, zinapokea fedha, zinafungwa. Aliyeumia hamchukii tapeli peke yake. Anawaogopa wauzaji wote, na wewe mkweli umo. Jambo hili linaniuma, maana anayebeba hasara ya tapeli ni mama mwaminifu ambaye hajawahi kumdhulumu mtu shilingi.

Kwa hiyo mpe mteja kitu cha kushika. Taja mahali ulipo: mtaa, jengo, namba ya kizimba. Mpigie picha ya video mzigo wake wenyewe, huku unaufunga, na risiti ya basi juu yake. Ukikosea rangi, rudisha bila kubishana. Hata mteja aliye mbali, tuseme Muscat, mwenye ndugu zake Zanzibar, atamtuma shangazi aje akutazame kwanza, na shangazi akiridhika umepata ukoo mzima.

Sasa swali ambalo huulizwa mara kwa mara: nianze na nini? Niazime fedha nitengeneze tovuti? Jibu langu ni usiazime, bado. Fungua daftari la wateja wako. Mtafute mmoja aliye mbali, ambaye hununua kwako kila akija mjini. Mpigie simu. Mwambie: badala ya kungoja mpaka usafiri, niagize sasa hivi, nitakutumia. Kisha andika kila kitu kilichotoka kwa oda hiyo moja: bando, makato, boksi, gundi, nauli ya kwenda stendi, gharama ya basi, na saa zako ulizotumia. Toa kwenye bei. Kilichobaki kilinganishe na faida yako ya mteja aliyesimama mbele yako dukani.

Ikiwa kimebaki kingi, mtafute wa pili. Ikiwa oda ndogo zinakutia hasara, weka kima cha chini cha oda na ukitangaze bila haya, kama alivyotakiwa kufanya yule mwenye kibanda cha picha. Na tovuti itakuja siku wateja wanapokuuliza mambo yale yale kutwa nzima, bei, saizi, rangi, hadi huna nafasi ya kufunga mizigo. Siku hiyo tovuti itakuwa inakupunguzia kazi, na utajua hasa cha kuandika ndani yake, kwa kuwa wateja wamekwisha kukufundisha.

Wiki ijayo, saa kama hizi, tutazungumzia kupanga bei ya bidhaa inayosafiri, nani alipie usafiri na kwa nini. Kaa na daftari karibu.